Siku Niliyochorwa Mapafu

Mjomba wangu ni dalali wa samaki Darajani, na watu wanamjua kwa pumzi zake. Akianza kumnadi nguru, havuti hewa mpaka nguru apate mwenyewe. Wapo wanunuzi wanaopandisha bei kwa huruma tu, wakihofia asije akaanguka pale pale juu ya magamba. Mimi ndiye ninayemwaga barafu na kupanga samaki kwa ukubwa. Nilipomaliza darasa la saba kwetu Uroa, mama alinileta mjini kwa kaka yake nijifunze kusema mbele za watu, maana kijijini nilikuwa nikitumwa dukani narudi mikono mitupu kwa kushindwa kumwita mwenye duka. Barafu haihitaji kusemeshwa. Tangu siku ya kwanza tumeelewana.

Nyumbani kwetu Mji Mkongwe tunakaa wanne. Kuna bibi, ambaye nyumba ni yake. Kuna mjomba, mtoto wake wa kwanza, aliyefiwa na mkewe. Kuna mama mdogo, mtoto wake wa mwisho, mchoraji wa hina na piko, ile rangi nyeusi ya urembo, ambaye mabibi harusi wanamfuata kutoka hata Chukwani. Na mimi. Haya ninayoyaeleza ni ya mguu wa mjomba, ingawa mwili uliochorwa ni wangu.

Mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba mwaka jana. Mwanzo ulivimba jioni tu. Ikifika asubuhi kiatu kinaingia bila taabu. Baadaye kiatu kikakataa hata asubuhi, akanunua makubadhi mapana. Kisha akaanza kuvaa kanzu sokoni, kazi ambayo hakuna mtu anayeifanya na kanzu, na kila siku alirudi na pindo limerowa maji ya pweza. Bibi alipomuuliza, alisema mguu umelala vibaya.

"Umelala vibaya tangu mfungo uliopita?"

"Una usingizi mzito, mama."

Sote tulijua anachokiogopa. Babu alikuwa na matende. Miaka yake ya mwisho alikaa ndani, mguu umefunikwa shuka, hataki kutoka hata kwa sala ya Ijumaa kwa sababu watoto walikuwa wakimwandama nyuma. Mjomba alikuwa mdogo wakati huo, na inasemekana alipigana na watoto wa mitaa yote iliyotuzunguka, akashindwa katika mingi. Kwake yeye kwenda kwa daktari kulikuwa ni kwenda kuambiwa kwa sauti kitu alichokuwa akikijua kimya kimya. Basi akaenda kwa fundi wa kuumika, akapigwa chuku, ile pembe ya kunyonya damu, kwenye muundi. Damu ikatoka. Mguu ukabaki vile vile, ila sasa una alama za duara, kama meza iliyowekewa vikombe vya chai. Vile vidonda vikamletea homa, na homa ikamletea mtoki kwenye nyonga, ile tezi inayovimba mtu akiwa na jeraha mguuni. Akalala akiangalia ukuta mpaka homa ilipomwacha, akarudi mnadani.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni muuguzi. Alisoma chuo cha Kurani pamoja na mama mdogo, na tangu utoto hawajakubaliana juu ya jambo lolote, nadhani ndiyo maana hawaachani. Alimwambia bibi kwamba mguu kama huo ukiwahiwa, ukaoshwa na kutunzwa kila siku, unaweza kusimama hapo ulipo, na pengine kupungua. Ukiachwa, kila homa itauongeza, na ipo siku kanzu haitatosha kuufunika.

"Mwambie aje," alisema muuguzi.

"Nshamwambia," bibi akasema. "Akikuona wewe hupitia mlango wa nyuma."

Ndipo wakapanga. Muuguzi angezungumza na watu wa mtaa barazani kwetu, Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, juu ya namna mwili unavyozungusha hewa, damu na maji yake. Dirisha la chumba cha mjomba liko juu ya baraza. Saa hiyo huwa amejilaza. Angesikia atake asitake, na mguu wa mtu hautatajwa.

Kilichokosekana kilikuwa picha. Muuguzi aliwahi kuwa na karatasi kubwa yenye mwili wote wa binadamu, lakini wanawe walishaitengeneza kishada, na mapafu yalikuwa yakining'inia kwenye waya wa umeme nyuma ya msikiti.

"Nitachora mimi," mama mdogo akasema.

"Utachora wapi? Karatasi kubwa hivyo tutaipata wapi?"

Mama mdogo aligeuka. Aliniangalia. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini taratibu, kama mtu aliyekutana na mbwa njiani.

"Huyu mwembamba," akasema. "Mbavu zote zinahesabika. Nusu ya kazi ishafanyika."

Nilikataa. Ila mimi hukataa kwa kunyamaza, na watu wengi hudhani huko ni kukubali. Bibi akaniita kwa upole, nikasema naam, akanambia, "Ni kwa ajili ya mguu wa mjomba wako, baba." Nikavua shati.

Ijumaa ile, mjomba akiwa mnadani, nililazwa chali juu ya mkeka nimevaa kikoi. Mama mdogo alikaa na bakuli lake la hina na kikombe cha piko. Muuguzi, kwa kuwa yeye si maharimu wangu, alikaa mbali kidogo upande wa mlango na kunionyesha kwa upawa. Upawa ule wa kifuu ulikuwa umetoka kwenye mchuzi dakika chache kabla.

"Hina iwe damu yenye hewa," alisema. "Hiyo inatoka moyoni kwenda mwili mzima, nyekundu. Piko iwe damu inayorudi, imeshatoa hewa yake, imekoza. Piko weka kidogo, isimchome ngozi."

"Unanifundisha piko?"

"Nnakufundisha mishipa."

Hina ni baridi. Ilianza shingoni, pale bomba la hewa linaposhuka, ikagawanyika mara mbili kifuani, kila tawi likatoa vitawi. Muuguzi alieleza kwamba mwishoni mwa kila kitawi pana vifuko vidogo sana vya hewa, na kila kifuko kimezungukwa na vijishipa vyembamba kuliko unywele, na hapo ndipo damu inapochukua hewa safi na kuacha chafu. Mama mdogo akanichora vichala vya zabibu.

"Pafu la kulia lina sehemu tatu," muuguzi akasema, "la kushoto mbili."

Mkono wa mama mdogo ukasimama hewani. "Haiwezekani."

"Haiwezekani vipi? Ndivyo lilivyo."

"Bibi harusi gani ana maua matatu mkono wa kulia na mawili wa kushoto? Mtu akimwona si ataniuliza nilichokuwa nnafanya?"

"Huyu si bibi harusi. La kushoto ni dogo kwa sababu moyo umeinamia upande huo, unataka nafasi."

"Moyo ungejibana," akasema mama mdogo, na akachora tatu na tatu. Nilihisi ile ya tatu ikiingia chini ya mbavu, mahali ambapo kwa sheria ya muuguzi hapakuwa na kitu. Moyo ukabanwa kweli, ukawa na umbo la korosho, ile korosho iliyopinda ya mapambo ya mkononi. Kisha akauzungushia majani.

"Moyo hauna majani."

"Bila majani utaonekana umenyauka."

Walipofika kwenye mishipa mikubwa wakakaribia kugombana hasa. Mama mdogo alikuwa ameshaelewa kwamba kinachotoka moyoni ni hina. Muuguzi akamwambia kwamba mshipa unaotoka moyoni kwenda mapafuni uwe piko.

"Si umesema unaotoka ni hina?"

"Huu unakwenda kuchukua hewa. Bado haujaipata. Ni kama mtu anayekwenda sokoni, kapu lake tupu."

"Na unaorudi kutoka mapafuni?"

"Huo umejaa. Hina."

Mama mdogo alifikiri, brashi iko kinywani. "Kwa hivyo moyo ni nyumba yenye milango miwili. Wa kulia wanaingia waliochoka, wanapelekwa mapafuni. Wa kushoto wanaingia walioshiba, wanatumwa mwilini."

Muuguzi aliushusha upawa. "Ndiyo," akasema, na nadhani ilimuuma.

Yakabaki maji ya tatu. Muuguzi alieleza kwamba damu ikipita kwenye vijishipa vyembamba, maji kidogo huvuja nje, yakainywesha nyama ya mwili. Mengi hurudi, lakini si yote. Yanayobaki hukusanywa na mishipa mingine, hafifu, inayoitwa mishipa ya limfu, na kurudishwa kwenye damu karibu na shingo.

"Rangi gani?"

"Hayana rangi hasa. Manjano kwa mbali."

"Basi dalia," mama mdogo akasema. Dalia ni ule unga wa manjano wenye harufu nzuri ambao wanawake hupaka usoni. Aliamua kuukoroga na marashi na kunipaka siku ya pili, kabla tu ya kutoka, ili uonekane mbichi. Hakuna aliyeuliza kama dalia inashika.

Jumamosi hina ikabanduliwa. Nilijitazama kwenye kioo cha bibi, nikaona mtu ambaye ndani yake kuko nje. Mishipa ilishuka mikononi mpaka kwenye vidole, na miguuni kuanzia chini ya goti. Kati ya kitovu na goti mama mdogo hakugusa, na hata angetaka nisingempa. Bibi alimwambia mjomba kwamba siku hiyo naumwa, siwezi kwenda sokoni. Kwa nilivyokuwa nikijisikia haukuwa uongo.

Adhuhuri nilivaa shati la mikono mirefu nikaenda msikitini mapema, ili nitie udhu pasiwe na mtu. Palikuwa na mtu. Mzee mmoja anayeshona viatu karibu na soko alikuwa amekaa kwenye bomba la pili. Nilipopandisha mikono ya shati mpaka viwikoni, aliacha maji yakimwagika.

"Lini?" akauliza.

"Naam?"

"Harusi, mwanangu. Lini?"

Nilitaka kumweleza. Maneno nilikuwa nayo, haya si mapambo, mzee, hii ni mishipa ya damu, lakini yalipofika mdomoni yakarudi. Nikatabasamu.

"Mashaallah. Na mjomba wako kanyamaza kimya, hata mimi hakunambia."

"Hajui," nikasema.

Lilikuwa neno la kweli, na sidhani kama nimewahi kusema neno baya zaidi. Mzee alimaliza udhu wake kwa haraka sana.

Alasiri watu walijaa. Wanaume waliotoka kusali walikaa baraza ya upande wa pili, wanawake wakasimama milangoni na kwenye ngazi, watoto wakakaa chini. Nilipandishwa barazani kwetu na kikoi changu cheupe, sina shati, nanukia marashi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu ndiye anayetuuzia samaki?" Mwenzake akamjibu, "Leo anauzwa yeye."

Muuguzi alianza na pumzi. Alisema kifua hakijazwi na hewa kama mfuko unavyojazwa na mpulizaji. Chini ya mapafu pana kiwambo, nyama pana kama kawa la kufunikia chakula. Kikishuka, kifua kinapanuka, na hewa yenyewe inaingia. "Vuta pumzi, mwanangu, waone."

Sikuvuta.

"Vuta tu."

Nilikuwa nimesahau inavyofanywa. Nadhani nilikuwa nikipumua tangu asubuhi bila kufikiri, na sasa watu hamsini wakinitazama kiwambo changu kikaona haya kuliko mimi. Nikavuta kidogo kwa pua, mabega yakapanda, kifua kikabaki palepale.

"Huyu anaishi kwa nini?" akauliza mama mmoja ngazini.

Muuguzi akahamia kwenye moyo. Alisema ni msuli ulio mkubwa kama ngumi ya mwenyewe, una malango ndani ya kuzuia damu isirudi ilikotoka, na haupumziki isipokuwa baina ya pigo na pigo. Bibi, ambaye hasikii vizuri, alikuja akaweka sikio lake kwenye korosho yangu.

"Unakwenda mbio," akawatangazia watu. "Kama kuku aliyefungiwa na paka."

Watu walicheka, na mimi nikaanza kutoka jasho. Lilianza shingoni likashuka lenyewe, polepole.

Wakati huo ndipo mjomba alipotokea kwenye kona ya kichochoro. Tulidhani yuko juu amelala. Alikuwa ametoka sokoni moja kwa moja, kanzu imerowa, anatembea haraka kuliko mguu wake ulivyotaka, na nyuma yake walikuwa wachuuzi watatu, mmoja amebeba changu mkubwa kwa mkia kama zawadi.

"Nani kamuoza mpwa wangu bila ya mimi?"

Alisema kwa ile sauti ya mnadani, na madirisha ambayo yalikuwa hayajafunguliwa yakafunguliwa.

"Hakuna aliyeozwa," muuguzi akamjibu. "Tunasomesha mapafu."

Mjomba alinitazama kifua kwa muda mrefu. "Mapafu ya nani?"

"Ya kila mtu."

"Mbona yana maua?"

"Kwa sababu mimi si mpaka rangi nyumba," akasema mama mdogo.

"Kaka, wewe si ndiye mjomba mtu?" mchuuzi mwenye changu akauliza. "Sasa harusi ipo au haipo? Samaki huyu anaharibika."

Mjomba angeondoka. Niliona anaangalia mlango wetu, kisha kichochoro kinachoelekea mlango wa nyuma, kisha mguu wake, ambao kwa mwendo ule ulikuwa umeanza kumuuma mpaka jicho lake likawa dogo. Bibi akagonga baraza kwa kiganja. "Kaa." Akakaa.

Muuguzi ni mtu mwerevu. Hakumtazama mguu. Alisema kwamba kijana ameshindwa kuvuta pumzi, na kama yupo mtu mtaani mwenye kiwambo cha kuonyeshwa watu, ni nani kama si dalali? Mjomba alikohoa. Alisema amechoka. Watu wakamwomba. Akamwambia mwenye changu amwinue samaki juu, akavuta hewa, na tumbo lake likatoka mbele kama tanga, na wote tukakiona kiwambo kikishuka. Akamnadi changu yule kwa pumzi moja, akamsifu macho, mapezi, mama yake na bahari aliyotoka, na mama wa ngazini akajikuta amemnunua.

"Mnaona?" muuguzi akasema. "Mabega hayakupanda. Hivyo ndivyo."

Mjomba alijifuta uso kwa raha. Ilikuwa muda mrefu sijamwona amekaa namna hiyo.

"Sasa," muuguzi akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo, "kuna maji ya tatu." Akageuka na upawa kwangu kuyaonyesha. Upawa ulizunguka kifuani, ukashuka mkononi, ukaenda mguuni, ukarudi. Haukupata kitu. Dalia yote ilikuwa imeteremka na jasho, na pindo la juu la kikoi changu lilikuwa la manjano kama mchele wa pilau uliokosewa.

"Limfu iko wapi?" akamuuliza mama mdogo.

"Mimi nilichora. Kaulize jasho lake."

"Nilikuwa nnataka kuwaonyesha inavyopanda kutoka unyayoni mpaka hapa." Alielekeza upawa kwenye nyonga yangu, nikaruka nyuma, na watoto wakafurahi sana. "Hapa chini ya kikoi, hatutafunua, kuna tezi. Zile zinazovimba mkaziita mtoki. Kazi yake ni kuchuja. Mtu akikatwa na chaza, uchafu unapanda na yale maji, ukifika hapo unakamatwa. Ndiyo zinavimba, ziko vitani."

Watu walimtazama kama wanavyomtazama mtu anayeeleza njia ya mji wasioujua. Picha ilikuwa imefutika, na bila picha maneno hayakuwa na pa kusimama. Muuguzi alisita. Kisha akamgeukia mjomba, kama kwamba amemkumbuka kwa bahati tu.

"Wewe dalali. Chini ya meza zenu pale si kuna mtaro?"

"Upo."

"Una mashine ya kusukuma maji?"

"Mashine ya nini? Maji yanakwenda kwa fagio, na kwa miguu ya watu."

"Na haya ni hivyo hivyo. Damu ina moyo wa kuisukuma. Limfu haina. Inakwenda kwa vile mtu anavyotembea, anavyokunja mguu, anavyopumua, na mishipa yake yenyewe inajikamua kidogo kidogo. Na mwisho wa mtaro kuna nini?"

"Wavu wa kushika magamba."

"Ndiyo zile tezi. Sasa mtaro ukiziba?"

Mjomba alivuta pindo la kanzu. "Maji yanatuama," akasema. "Sakafu inafura."

"Mbu wengine wanaacha mwilini minyoo myembamba kama uzi, inakaa ndani ya mtaro huo na kuuharibu. Ndiyo maana tunagawa vile vidonge mnavyovitupa. Na mtu akienda kuumikwa, anapunguza damu. Damu haina kosa. Ni kufunga bomba la juu wakati ulioziba ni mtaro, na tena unatoboa sakafu ukaingiza uchafu."

Mchuuzi mmoja alitazama juu, kwenye nyaya.

"Kuna mtu nnamjua," mjomba akasema.

Watu wote wa mtaa walimjua mtu huyo, na wote wakageuza nyuso zao upande mwingine kwa heshima.

"Enhe," muuguzi akasema. "Huyo mtu ana nini?"

"Mguu. Umelala vibaya."

"Akiuinua usiku juu ya mto, asubuhi unapungua?"

"Zamani ulipungua wote. Sasa nusu."

"Huyo mtu anauosha kwa sabuni kila siku?"

"Anaoga mwili mzima. Mguu haubaki nje."

"Anaukausha baina ya vidole?"

Mjomba akafikiri. "Nani anakausha baina ya vidole?"

"Huko ndiko wadudu wanakoingilia. Ngozi inapasuka, wadudu wanaingia, homa inakuja, na kila homa inaacha mguu mnene zaidi."

"Mwambie akikunje kifundo anapokaa," mshona viatu akasema kutoka upande wa pili. "Kama alivyosema dalali, fagio."

"Mwambie asitembee peku," akasema mama aliyenunua changu.

"Na mwambie aache kanzu sokoni, inanuka," akasema mchuuzi.

"Nitamwambia," mjomba akasema. "Mkaidi kidogo."

Bibi alikuwa ameinama mbele ili asikie. "Mwambie," akasema, "mama yake alimwosha mume wake mguu akiwa hajui aoshe vipi. Mwambie asimfanye akae tena miaka mbele ya shuka."

Mjomba alitazama mikono yake. Hakuna aliyecheka, hata watoto. Adhana ya Magharibi ilikuwa bado, lakini wanaume wakaanza kuinuka mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na jambo la kufanya mahali pengine, na mtaa wetu ukawa mtupu kwa haraka ambayo sijawahi kuiona hata ikinyesha mvua. Mimi nilibaki barazani kwa sababu hakuna aliyeniambia nishuke.

"Huyo mtu," mjomba akamuuliza muuguzi kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "akitaka kuja kukuona, aje saa ngapi asikute watu?"

"Akija sasa hivi hatakuta watu."

Wakaingia ndani, ukumbini. Mama mdogo akaleta beseni, mimi nikaitwa nimimine maji. Mjomba alipandisha kanzu mpaka gotini akiwa amefumba macho. Haukuwa mguu wa kutisha. Nilikuwa nimeuwaza mkubwa zaidi, kwa jinsi ulivyofichwa. Muuguzi alivaa glovu akabonyeza muundi kwa dole gumba, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa. Kishimo kikabaki, kama kwenye donge la unga wa maandazi. Sote tukakitazama mpaka kilipojaa.

"Kinarudi," muuguzi akasema. "Mguu laini kama huu bado unasikia maneno."

"Utakuwa kama wa kulia?"

"Sikuahidi hivyo. Utapimwa damu, utapewa dawa, na kuosha ni kila siku, maisha yako yote. Ukifanya hivyo, hautakuwa kama wa baba yako."

Mjomba alifumbua macho. Nadhani alikuwa akingojea neno hilo tangu nilipozaliwa, kwa sura aliyofanya. Kisha akaanza kulalamika, na tukajua amekubali: maji ya baridi, sabuni ina harufu ya kufulia, taulo ni la kike, na kwani kidole kidogo nacho kinakaushwa, kimefanya nini.

"Hicho ndicho kibaya kuliko vyote," muuguzi akasema. "Huko nyuma. Ndani. Hebu kausha."

Siku ya pili sokoni nilivaa shati la mikono mifupi. Hina haijifichi, na watu walikuwa wameshaona kila kitu nilichonacho, hata visivyokuwepo. Wanaonijua waliniuliza hali ya mapafu, nikawajibu kwamba hayajambo, na jibu hilo lilitoka bila taabu. Mjomba alikuja amevaa suruali iliyokunjwa na viatu vipana vya kufunika. Akaniambia nimwekee kreti tupu la barafu mbele ya kiti. Akakaa, akaupandisha mguu juu ya kreti mbele ya watu wote, akavuta hewa, akaanza na jodari.

Dalali kukaa si jambo linalozoeleka. Mnunuzi mmoja mgeni alisimama, macho yake yakashuka kutoka kwenye jodari mpaka kwenye kreti, na yakabaki hapo.

Mjomba akakatiza mnada. "Tazama samaki, bwana," akamwambia. "Mguu hauuzwi."